Kupima nguvu ya komplimenti kwenye seramu: mwongozo kamili kwa maabara za Dodoma na Kanda ya Kati

Miaka kadhaa iliyopita nililetewa seramu za watu sita kutoka hospitali moja ya wilaya, na majibu ya wote yakaonyesha kwamba hawakuwa na komplimenti, yaani protini za kinga zilizomo kwenye damu, inayofanya kazi hata kidogo. Watu hao hawakuwa ndugu, hawakuugua ugonjwa mmoja, na mmoja wao alikuwa mzima wa afya aliyejitolea damu ili awe kielelezo cha kulinganishia. Upungufu wa kurithi wa protini hizi ni jambo la nadra sana, kwa hiyo kuukuta kwa watu sita ambao kinachowaunganisha ni kwamba damu yao ilisafiri ndani ya deli moja ni jambo lisiloingia akilini. Nilipodadisi, nikaambiwa kwamba barafu iliyeyuka kabla basi halijafika stendi, kisha deli likawekwa mapokezi, karibu na dirisha, tangu saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri. Komplimenti ilikuwapo wakati damu inatolewa, ilifia njiani.

Kipimo kinachoelezwa hapa ni cha nguvu ya jumla ya komplimenti, kinachojulikana maabara kwa jina la CH50, ambapo 50 ni asilimia 50 ya seli zinazopasuliwa. Hakihitaji mashine ya gharama: beseni la maji lenye kidhibiti joto, sentrifuji, spektrofotometa (chombo cha kupima mwanga unaofyonzwa) na damu ya kondoo vinatosha. Kinachohitajika zaidi ni kuelewa tabia ya protini zenyewe, kwa sababu kila hatua ya kipimo hiki imewekwa pale kutokana na jambo fulani la kikemia, na mtu asiyelijua jambo hilo ndiye anayeiruka hatua akidhani ni urasimu.

Kinachopimwa

Komplimenti ni kundi la protini zaidi ya 30, nyingi zikitengenezwa na ini, ambazo huzunguka kwenye damu zikiwa zimelala. Huamshana kwa mfuatano: protini moja ikikatwa hugeuka kuwa kimeng'enya kinachoikata inayofuata, na hivyo cheche ndogo mwanzoni huwa moto mkubwa mwishoni. Njia za kuuwasha moto huo ni tatu, yaani njia ya jadi inayoanzishwa na kingamwili, njia ya lektini inayoanzishwa na sukari zilizo juu ya vijidudu, na njia mbadala inayojiwasha yenyewe. CH50 hupima njia ya jadi kuanzia mwanzo wake hadi mwisho.

Njia hiyo huanza na C1q, protini yenye mashina sita na vichwa sita, mithili ya masuke sita ya mtama yaliyofungwa pamoja kwenye mabua. Vichwa hivyo hushika kingamwili zilizokwisha kujibandika juu ya kijidudu. Pembeni mwa mashina wamekaa C1r na C1s, wawili wawili, nao hawawezi kushikamana na C1q bila kalisi. C1s ikiamka huikata C4, kisha C2, na vipande viwili vinavyotokana nazo huungana, safari hii kwa msaada wa magnesi, na kuwa kimeng'enya cha kuikata C3.

Hapo ndipo kiini cha mambo. C3 ndiyo iliyo nyingi kuliko zote, takriban gramu moja katika lita ya seramu, na ndani yake kuna kifungo cha thioesta kati ya asidi amino mbili, sisteini na glutamini, kilichofichwa mbali na maji. C3 inapokatwa, kipande kidogo cha C3a, chenye asidi amino 77, huondoka na kwenda kuziita seli za kinga, na sehemu kubwa iliyobaki, C3b, hujigeuza umbo hadi kifungo kile kikabaki wazi. Tangu hapo C3b ina muda usiofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde wa kujishikiza kwenye kitu kilicho jirani. Ikikosa, maji hukivunja kifungo na C3b hiyo haina tena uwezo wa kujibandika. Ndiyo maana komplimenti huchoma palepale ilipowashwa, haiendi mbali.

Lakini maji hupenya polepole hata kwenye C3 ambayo haijakatwa, na C3 iliyoloweshwa hivyo hushikana na protini iitwayo faktori B, nyingine iitwayo faktori D ikaikata faktori B, na njia mbadala ikaanza bila kijidudu chochote kuwapo. Mwilini jambo hili halina madhara, kwa kuwa faktori H na faktori I huuzima moto huo kila unapojitokeza, na ini hufidia kilichotumika. Ndani ya mrija hakuna ini. Kila saa ambayo seramu inakaa kwenye joto, akiba inapungua wala hairudi.

Mwisho wa mfuatano ni C5, ambayo ikikatwa hutoa C5b, nayo huziita C6, C7 na C8, kisha C9 hadi 18 zikajipanga duara na kutoboa tundu lenye upana wa nanomita kama kumi hivi kwenye utando wa seli. Seli nyekundu ya kondoo ikitobolewa hujaa maji, hupasuka, na himoglobini yake hutoka nje. Wekundu huo ndio tunaoupima.

Msingi wa kipimo hiki ni kazi ya Mbelgiji Jules Bordet, aliyeonyesha katika miaka ya 1890 kwamba seramu ina kitu kinachohimili joto, ambacho leo tunakiita kingamwili, na kingine kinachokufa kikipashwa joto, ambacho ndicho komplimenti. Alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1919. Mpaka leo seramu iliyopashwa nyuzi 56 za Selisiasi kwa dakika 30 ndiyo tunayoitumia kama mfano wa seramu isiyo na komplimenti.

Hatua ya kwanza: damu ya mgonjwa

Toa damu kwenye mrija wenye kifuniko chekundu, usio na dawa ya kuzuia damu kuganda. Mrija wa zambarau una EDTA, na EDTA huteka kalisi na magnesi, kwa hiyo C1 husambaratika na kipimo hakiwezi kufanyika. Mrija wa bluu wenye sitireti una kasoro ileile. Hata hivyo usiutupe mrija wa zambarau moja kwa moja, kwa sababu kama daktari anataka kujua ikiwa komplimenti ilikuwa imewaka ndani ya mwili wa mgonjwa, yaani anataka kipimo cha C3a au cha mabaki ya tundu la C5b-9, plazma ya EDTA ndiyo inayofaa, maana huugandisha wakati palepale damu ilipotoka.

Acha damu igande kwa dakika 30 hadi 60 katika joto la nyuzi 20 hadi 25. Hapa Dodoma sentensi hiyo fupi ina ugumu wake, kwani mwezi wa Oktoba na Novemba chumba kisicho na kiyoyozi hupita nyuzi 30 mchana bila shida. Pasipo kiyoyozi, simamisha mirija kwenye beseni dogo lenye maji yaliyokaa kwenye mtungi wa udongo. Hewa yetu ni kavu, kwa hiyo maji hutoka kwenye vitundu vya mtungi na kukauka, na mtungi hupoa vizuri kuliko ingekuwa Tanga au Dar es Salaam; weka kipimajoto ndani ya beseni, usikisie kwa kidole. Usiiache damu igande ndani ya jokofu, kwa kuwa baadhi ya wagonjwa, hasa wenye protini zinazoganda kwa baridi, komplimenti yao hujiwasha kwenye ubaridi kabla seramu haijatenganishwa na seli.

Damu ikishaganda, izungushe kwenye sentrifuji kwa dakika kumi, nyonya seramu, na uiweke papo hapo juu ya barafu. Igawe kwenye vichupa vya nusu mililita. Ikiwa kipimo kitafanyika siku hiyohiyo, barafu inatosha kwa saa chache; la sivyo, seramu iingie friza ya nyuzi 70 chini ya sifuri, ndani ya saa mbili tangu damu itolewe. Friza ya kawaida ya nyuzi 20 chini ya sifuri, ambayo ndiyo iliyopo katika vituo vingi, haifai kwa kuhifadhi kwa siku nyingi, na ni bora kukiri hivyo kuliko kutoa jibu la uongo. Seramu iliyokwisha kuyeyuka isigandishwe tena, maana kila mzunguko wa kuganda na kuyeyuka huongeza C3 iliyolowa maji.

Kwa sampuli zinazotoka Kondoa, Mpwapwa, Bahi au Manyoni, ushauri wangu ni kwamba asafiri mgonjwa badala ya seramu, pale inapowezekana. Inaposhindikana, seramu iliyokwisha tenganishwa ndiyo isafirishwe, kamwe si damu nzima, na mtu aliyeibeba aandike saa ya kuondoka na saa ya kukabidhi.

Hatua ya pili: maji na bafa

Yeyote aliyewahi kuchemsha chai mjini hapa anaujua ukoko mweupe unaobaki kwenye birika. Maji ya visima vya Makutupora yana kalisi na magnesi nyingi, na hayo ndiyo madini ambayo kipimo hiki kinataka yawe kwa kiasi kilichopimwa. Tumia maji yaliyokenekwa tu, na vyombo vioshwe kwa maji ya bomba lakini visuuzwe mara tatu kwa maji yaliyokenekwa. Niliwahi kupoteza wiki nzima nikilaumu damu ya kondoo kumbe silinda za kupimia zilikuwa zimesuuzwa bombani.

Bafa, yaani kimiminiko kinachozuia pH isibadilike, ya asili ya kipimo hiki ni ya veronali, yenye milimola 5 kwa lita, chumvi ya kawaida ya kufikisha kiwango cha chumvi cha damu, kalisi milimola 0.15, magnesi milimola 0.5 na jelatini asilimia 0.1, ikiwa na pH ya 7.3 hadi 7.4. Jelatini huzuia protini kunata kwenye kuta za mrija. Kwa kuwa veronali ni dawa ya usingizi inayodhibitiwa kisheria, maabara nyingi hutumia bafa ya HEPES badala yake, na hakuna ubaya, mradi usibadili bafa katikati ya mfululizo wa vipimo kisha ukalinganisha majibu. Bafa yenye jelatini huoza haraka. Tengeneza ya siku mbili tatu tu na uitunze kwenye jokofu.

Hatua ya tatu: seli za kondoo

Kondoo hawapatikani kwa shida katika mji wenye mnada kama wa Msalato, lakini damu ya kipimo haitoki machinjioni. Inatakiwa damu safi iliyotolewa na mtaalamu wa mifugo kwenye mshipa wa shingo wa kondoo mzima wa afya, ikaingia moja kwa moja katika ujazo sawa wa kimiminiko cha Alsever, kinachozuia damu kuganda na kuzitunza seli, na ni vizuri kumtumia kondoo yuleyule kila mara, kwa kuwa seli za kondoo mmoja hupasuka kwa wepesi kuliko za mwingine. Ikikaa kwenye jokofu hutumika kwa wiki mbili hadi tatu.

Siku ya kipimo, osha seli mara tatu kwa bafa baridi. Baada ya mwosho wa tatu maji ya juu yawe meupe kabisa. Yakiwa na wekundu, osha mara moja zaidi, na wekundu usipokwisha, damu hiyo imezeeka na itupwe. Kisha sawazisha wingi wa seli: changanya kipimo kimoja cha seli na vipimo 14 vya maji yaliyokenekwa ili zipasuke zote, zungusha, na usome ufyonzaji wa mwanga kwenye nanomita 541. Ufyonzaji wa karibu 0.68 maana yake una seli bilioni moja kwa mililita. Ukipata 0.80, punguza kwa bafa kwa uwiano wa 0.80 kwa 0.68, na usome tena.

Hatua ya nne: kuzivika seli kingamwili

Hemolisini ni seramu ya sungura yenye kingamwili dhidi ya seli za kondoo. Ipashe nyuzi 56 kwa dakika 30 kwanza, kwa kuwa sungura naye ana komplimenti yake. Ichanganye na seli kwa ujazo sawa, ukiimimina polepole huku ukitikisa taratibu ili seli zisigandamane, kisha weka kwenye nyuzi 37 kwa dakika 30. Kiasi cha hemolisini hupatikana kwa kuijaribu katika mipunguzo mbalimbali na kuchagua ile ambayo kuongeza kingamwili zaidi hakuongezi tena upasukaji. Osha seli mara moja, na uzirudishe kwenye bafa zikiwa milioni 500 kwa mililita.

Hatua ya tano: mirija

Punguza seramu kwa bafa baridi, kipimo kimoja kwa 60. Panga mirija sita juu ya barafu, na utie seramu hiyo kwa mfuatano huu: mililita 0.20, 0.25, 0.30, 0.35, 0.40 na 0.50. Ongeza bafa katika kila mrija mpaka ufike mililita 1.3, kisha weka mililita 0.2 za seli zilizovikwa, ili jumla iwe 1.5. Pembeni weka mrija wenye seli na bafa pekee, mwingine wenye seli na maji yaliyokenekwa ambao utapasuka wote, na wa tatu wenye seramu iliyouawa kwa joto. Seti nyingine kamili iwe ya seramu ya mchanganyiko, iliyokusanywa kutoka kwa watu wazima wenye afya wasiopungua 20 waliopimwa virusi vya UKIMWI na homa ya ini, na kuhifadhiwa kwenye friza ya nyuzi 70 chini ya sifuri katika vichupa vidogo vya kutumika mara moja.

Hamisha mirija yote kwa pamoja kwenye beseni la nyuzi 37, kwa dakika 60, ukiitikisa kila baada ya dakika kumi kwa sababu seli huzama. Irudishe kwenye barafu, izungushe, na usome wekundu wa maji ya juu kwenye nanomita 541. Umeme ukikatika katikati ya saa hiyo, usijaribu kufidia kwa kuongeza dakika; anza upya.

Hatua ya sita: hesabu

Toa usomaji wa mrija wa seli na bafa kutoka kwenye kila usomaji, kisha gawa kwa usomaji wa mrija uliopasuka wote, ambao nao umetolewa kiasi hicho. Tuseme huo wa mwisho ni 0.68, na mrija wa mililita 0.35 umesoma 0.46: sehemu iliyopasuka, tuiite y, ni 0.68, na y ikigawiwa kwa kilichobaki, yaani 0.32, unapata karibu 2.1. Fanya hivyo kwa mirija yote iliyo kati ya asilimia 10 na 90, uchore logi ya mililita dhidi ya logi ya uwiano huo, na mstari ulionyooka utatokea. Pale uwiano unapokuwa 1, nusu ya seli zimepasuka.

Mwinuko wa mstari, logi ya mililita ikiwa kwenye mhimili wa wima, unatakiwa uwe karibu na 0.2. Usiupuuze mwinuko huu. Ukitoka mbali na hapo, ama seli zako hazikuvikwa sawasawa ama bafa ina kasoro, na jibu lolote utakalolitoa halina msingi hata kama linaonekana zuri.

Ikiwa seramu ya mchanganyiko imepasua nusu ya seli kwa mililita 0.30 na ya mgonjwa kwa 0.42, mgonjwa ana asilimia 71 ya nguvu ya kawaida. Mimi hupendelea kuandika asilimia hii kuliko vizio vya CH50 kwa mililita, kwa kuwa idadi hiyo hubadilika kutoka maabara moja hadi nyingine, na daktari anayeifananisha na kitabu atapotoka. Mirija yote ya mgonjwa ikiwa mieupe, rudia kwa seramu iliyopunguzwa mara 20 tu kabla ya kuandika sifuri.

Kusoma jibu

Jibu la chini lisomwe pamoja na kiasi cha C3 na C4. Zote mbili zikiwa chini, komplimenti inatumika kwa njia ya jadi, na mgonjwa mwenye maumivu ya viungo au protini kwenye mkojo achunguzwe lupasi, ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wenyewe. C3 ikiwa chini na C4 ikiwa ya kawaida kwa mtoto aliyevimba uso baada ya kuugua koo au vidonda vya ngozi, mara nyingi ni figo zilizoathirika kufuatia bakteria wa streptokoki, na C3 hutarajiwa kupanda ndani ya wiki kadhaa. Isipopanda, kuna jambo jingine. C4 pekee ikiwa chini kwa mtu anayevimba midomo na koo mara kwa mara bila kuwashwa, fikiria upungufu wa kizuizi cha C1.

Nguvu ikiwa sifuri kabisa, kipimo cha njia mbadala hutenganisha. Hicho hutumia seli za sungura zisizovikwa kingamwili, na bafa yenye magnesi na EGTA, ambayo huteka kalisi na kuiacha magnesi. Njia ya jadi ikiwa sifuri na mbadala ikiwa nzima, tatizo liko C1, C4 au C2. Zote mbili zikiwa sifuri, tatizo liko C3 au kuanzia C5 hadi C8. Anayekosa C9 hupata jibu la chini lakini si sifuri, kwa kuwa tundu dogo lisilokamilika bado huvuja. Watu wenye upungufu wa kuanzia C5 kwenda mbele huugua homa ya uti wa mgongo ya meningokoki tena na tena, nao wanahitaji chanjo yake.

Na iwapo nguvu ni sifuri huku C3 na C4 zikiwa za kawaida kabisa, mtuhumiwa wa kwanza ni safari. Mashine za kupima C3 na C4 hutambua protini kwa umbo, nazo huhesabu hata vipande vilivyokwisha kufa. Vipande vya C3 vinaweza hata kupandisha usomaji. Jibu la namna hiyo lisitoke maabara kabla ya damu ya pili kutolewa na kufuatiliwa kwa saa.

Wale sita wa deli waliitwa upya, nikawatolea damu mwenyewe asubuhi, hatua kumi kutoka kwenye sentrifuji. Watano walilingana na seramu ya mchanganyiko. Wa sita, binti aliyelalamikia viungo kwa miezi mingi, alikuwa na chini ya nusu, C3 na C4 zake zikiwa zimeshuka pia. Kwenye majibu ya kwanza sifuri yake ilikuwa imejificha katikati ya sifuri za wenzake.